Hivi mtu mzima anajifunza kweli kwa kuongea na watu, au ni kupiga stori tu?

Msimamizi Mpya

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuandika nikaufuta mara mbili, sasa hivi nautupa hivohivo ulivyo, mnivumilie urefu.

Iko hivi. Ndani ya wiki moja nimesemwa na watu watatu, na nikikaa nikitafakari naona wote wananisema kwa kosa lilelile. Wa kwanza bosi wangu. Nina miezi minne tangu nipewe kusimamia watu wanane, akaniita ofisini nikajua ni mambo ya ripoti, kumbe anataka kuniambia "wewe watu wako huongei nao, unawatangazia". Nikamjibu mbona kikao nafanya kila Jumatatu na kila tukimaliza nauliza kuna swali? Akaniuliza, mara ya mwisho mtu kuuliza ilikuwa lini? Nikakosa cha kusema, maana hakuna aliyewahi kuuliza hata siku moja na mimi muda wote huo nimejua ni kwa sababu wameelewa.

Wa pili ni mwalimu wa kozi ya jioni ninayosoma. Huyu kila kipindi anatugawa wannewanne, anatupa swali, halafu yeye anazunguka tu. Siku hiyo akanikuta nimekunja mikono akaniuliza wewe mwenzetu unasubiri nini, nikamwambia nasubiri utupe jibu. Darasa zima likaangua kicheko na mimi nikacheka nao ili yaishe, ila ndo ukweli wangu, mi nimekuja anifundishe yeye, sio nikae kusikiliza wenzangu ambao hawajui kama mimi nisivyojua.

Wa tatu ni mke wangu na huyu ndo alinichoma. Akasema, "wewe huwa unaniuliza siku imekwendaje huku umeinama unafungua kamba za viatu, na kabla sijamaliza ushaniambia nifanye nini. Sikuombagi ushauri mimi." Akaenda kulala.

Mi nimekua nikijua kusoma ni kunyamaza, kunakili ubaoni, kisha unakesha na daftari lako peke yako. Na kwa njia hiyo nimefaulu, siwezi kuikana. Sasa naomba kuuliza wenye uzoefu, mazungumzo yanafundisha kweli au ni maneno ya kwenye semina? Na kama yanafundisha, yanafundishaje, maana mi naongea kutwa nzima mpaka koo linakauka na sioni nilichojifunza.

Kiti cha Nyuma

Nimekaa hapa nasubiri majibu ya wakubwa. Ila mkuu bosi na shemeji yetu hao wanawasiliana pembeni, chunguza.

Mwl_Chaki

Mkuu mi ni mwalimu mwaka wa 19 huu, hesabu. Nikupe kisa kimoja tu.

Nilikuwa nasahihisha madaftari nikakuta mtoto kaandika kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi. Zamani zangu ningepiga mkasi mwekundu pale, nikaandika jibu, nikafungua daftari linalofuata. Siku hiyo sijui nini kilinipata, labda uchovu, nikamwita mezani nikamwambia hebu nielezee umefikaje hapa. Akaangalia chini. Nikanyamaza. Kimya kile mwalimu unakiona kirefu kama ibada, nikawa nahesabu kwa vidole vya miguu ndani ya kiatu ili nisifungue mdomo. Mwishowe akasema, "si kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu".

Unaona? Yule mtoto hakuwa mjinga wala hakubahatisha. Alikuwa na sheria yake kichwani, na ina mantiki kabisa, ila haihusiani na sehemu. Ningempa mazoezi mia angeyakosa yote mia kwa sheria hiyohiyo. Nikampa karatasi mbili zinazolingana, moja akaigawanya vipande vitatu, nyingine akaanza kuigawanya vinne, hajamaliza hata, akashika kipande kimoja cha huku na kimoja cha kule akaanza kucheka mwenyewe. Sikuongeza neno.

Ila kilichonitisha kilikuja baadaye. Niliwauliza na wale waliopata, umejuaje theluthi ndo kubwa, wengi hawakuwa na maelezo yoyote, mmoja akasema tu "ulishasema". Yaani tiki zangu zote zile nilikuwa natiki vitu nisivyovijua. Kwa hiyo mkuu unapouliza mazungumzo yanafundishaje, kwangu mimi la kwanza yalinifundisha mimi mwalimu.

Halafu hilo la kunyamaza sio la kwangu. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya 1970 alirekodi walimu madarasani akakuta mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde 1 tu, mtoto asipojibu anamrukia mwingine au anajijibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kusubiri angalau sekunde 3, majibu yakawa marefu, wanaojitolea kujibu wakaongezeka, na wale wa kukaa kimya au kusema sijui wakapungua. Sekunde 3 mkuu. Hebu zijaribu kwenye kikao chako cha Jumatatu uone zinavyouma.

Na hiyo "kuna swali?" iache kabisa. Hilo sio swali, ni kengele ya kufunga kikao, kila mtu anaisikia anaanza kukusanya vitu vyake. Muulize mtu, "kazi hii kesho asubuhi utaanzia wapi?" Hapo ndo utajua kama ameelewa au alikuwa anatikisa kichwa.

Kikwazo

Naomba nipinge kidogo maana naona uzi unaelekea kwenye kusifiana.

Mleta mada hajakosea kwenye hilo la makundi. Mi nilisoma kwa makundi ya majadiliano na nikuambie ukweli, mara nyingi ni kipofu kumshika mkono kipofu. Tulikuwa watano, tukapewa swali, mmoja wetu alikuwa na sauti nzito na anaongea kwa kujiamini kama kaandika kitabu yeye, akatushawishi wote fomula yake ndo sahihi. Tulijadili lisaa lizima, tulikubaliana vizuri sana, tukapata sifuri wote watano. Tena mimi nilikuwa nimeandika jibu sahihi pembeni kwa penseli nikalifuta!

Majadiliano bila mtu kuwa na kitu kichwani ni kuchanganya ujinga wa watu wengi kwenye sufuria moja. Soma kwanza. Peke yako, kimya, kama ulivyozoea. Na hao wanaopenda kuuliza uliza maswali wakumbuke Socrates, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyejifanya bingwa wa kuhoji watu barabarani waliishia kumnywesha sumu mwaka 399 kabla ya Kristo hahaha.

Mwl_Chaki

Kikwazo umenichekesha, ila hujanipinga. Hebu soma tena ulichoandika: jibu ulikuwa nalo kwa penseli ukalifuta. Hapo tatizo ni kwamba mliongea sana au kwamba wewe hukuongea?

Halafu kwenye kusoma kwanza niko na wewe asilimia zote. Kuna mwalimu wa fizikia pale chuo kikuu cha Harvard, Marekani, Eric Mazur, aligundua wanafunzi wake wanakokotoa vizuri mno lakini ukiwauliza swali dogo la kuelewa, lisilo na namba, wanaanguka. Kuanzia 1991 akabadilisha. Anatoa swali la kuchagua, kila mtu anafikiri MWENYEWE kwanza na anachagua jibu, kisha ndo anaambiwa mgeukie jirani mwenye jibu tofauti umshawishi, halafu wanachagua tena. Na ana kipimo chake, waliopata mwanzoni wakiwa chini ya asilimia 30 haruhusu majadiliano, anarudi kufundisha, maana ndo hiyo sufuria yako ya ujinga. Wakizidi asilimia 70 anasonga mbele, hakuna cha kujadili. Katikati hapo ndo penye utamu.

Na sababu aliyoitoa ni nzuri sana, kwamba mwenzako aliyeelewa dakika mbili zilizopita bado anakumbuka alikwama wapi. Mimi mwalimu wa miaka 19 nimeshasahau. Theluthi na robo kwangu ni kama kupumua, sijui tena mtu anazikosea kwa njia gani.

Kikwazo

Sawa mwalimu hilo la penseli limenipata. Naendelea kusoma.

dogo_wa_mwisho

Shikamooni wakubwa. Mi ni mdogo kwenye ofisi yetu, na ndo yule anayeulizwa "kuna swali?" anakaa kimya.

Sababu ni fupi tu. Wiki yangu ya pili niliuliza. Msimamizi akasema "hilo nimeshalieleza". Hakugomba, alisema vizuri tu, na tabasamu. Mwaka wa pili huu sijauliza tena, namsubiri atoke nauliza mezani kwa jirani, na jirani naye siku hizi nimegundua huwa ananibahatishia.

Fundi wa Zamu

Dogo hapo umeandika kitu kikubwa kuliko sisi wote, natamani msimamizi wako aingie humu.

Mimi nazungumzia upande wa kazi. Nafanya kazi za zamu kwenye mitambo, zamu ya usiku inakabidhi ya asubuhi. Miaka yote tulikuwa tunakabidhiana mlangoni, mmoja anatoka na begi mgongoni mwingine anaingia anapiga miayo, "vipi kila kitu fresh?" "Fresh." Basi imeisha. Siku moja nimepokea hivohivo, saa tatu baadaye pampu ikaanza kulia kama mbuzi, kufungua beringi imeungua imekuwa nyeusi. Nikampigia aliyenikabidhi, kasinzia, akasema "aa ile, usiku ilikuwa inapata joto kidogo nikaiacha nikajua mtaiona". Hakunidanganya. Nilimuuliza kama kila kitu fresh na kwake yeye ilikuwa fresh, pampu ilikuwa inazunguka!

Siku hizi tunakabidhiana tumesimama mbele ya mtambo wenyewe na swali ni moja, "usiku nini kimekushangaza?" Sio nini kimeharibika. Kimekushangaza. Mtu lazima atafute, anasema aa kuna mlio fulani, kuna harufu, mita ile ilicheza. Dakika tano tu. Na anayepokea anarudia kwa mdomo wake alichosikia, nikisikia amekosea namrekebisha palepale.

Watu wa ndege walilijua hili kwa damu. 27 Machi 1977, kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747 ziligongana uwanjani kwenye ukungu wakafa watu 583. Rubani wa ndege iliyokuwa inaanza kukimbia ili iruke alikuwa mkubwa sana kwenye kampuni yake, yeye ndo anafundisha wenzake. Injinia aliyekuwa nyuma yake mle chumba cha marubani alisikia kitu kwenye redio akauliza, yule mwenzetu hajatoka njiani? Rubani akajibu kwa uhakika kabisa kwamba ametoka. Injinia akanyamaza. Sekunde chache baadaye ndo hivyo.

Mi kila nikisoma pale nakwama kwa yule injinia. Alikuwa na wasiwasi sahihi. Aliusema. Ila aliusema kama swali, akajibiwa na mkubwa, akaurudisha tumboni. Baada ya ajali hiyo na nyingine za namna hiyo ndo wakaanza kufundisha marubani kuongea, wadogo wafundishwe kusisitiza na wakubwa wafundishwe kusikiliza, ni somo kabisa kama lilivyo somo la kutua. Hata maneno ya redio waliyabadilisha, neno la kuruka likabaki la kutumika pale tu ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa.

Kwa hiyo mleta mada wale watu wako wanane usiwahesabu kwamba hawana maswali. Kuna mama mmoja mtafiti, Amy Edmondson, miaka ya 1990 alichunguza makosa ya dawa hospitalini akitegemea timu zinazoelewana zitakuwa na makosa machache. Akakuta kinyume, timu nzuri ndo zilionekana na makosa mengi! Kuchimba, kumbe sio kwamba wanakosea zaidi, ni kwamba wanayasema. Kule kwingine yanafichwa. Sasa wewe kikao chako kina maswali sifuri, jipigie hesabu uko upande gani.

Bora_Kimya

Mi kama mleta mada, mtu wa peke yangu, makundi yananichosha mpaka mwili. Naona watu wanaposema mazungumzo wanadhani lazima uwe muongeaji. Si kweli. Mi naandika kwanza. Kabla ya kikao naandika kwenye karatasi kitu kimoja nisichokielewa, kimoja tu, naingia nacho mfukoni. Nikishakiuliza kazi yangu imeisha, nawasikiliza.

Ila kwenye kusikiliza wote tuna ugonjwa tusijisifu. Watafiti walipima mazungumzo kwenye lugha 10 za dunia, matokeo yakatoka 2009, wakakuta kwa wastani pengo kati ya mmoja kumaliza na mwingine kuanza ni kama sehemu moja ya tano ya sekunde. Na ubongo kuandaa hata neno moja unahitaji zaidi ya hapo, zaidi ya nusu sekunde. Piga hesabu mwenyewe. Maana yake mwenzio hajamaliza sentensi na wewe jibu lako limeshaiva liko mlangoni. Ndo tulivyoumbwa, kwa stori za kawaida hamna shida. Ila mkeo anapokueleza jambo zito na wewe ulishatunga jibu alipofika katikati, basi ile nusu ya pili aliiongelesha kamba za viatu.

Dawa yangu ni ya kitoto. Kabla sijajibu namrudishia, "kwa hiyo unasema hivi na hivi?" Nusu ya mara anasema hapana, sio hivyo. Nusu! Na mi ni mtu ninayejiona msikivu.

Kuna mchezo pia ufanye leo usiku. Chagua wimbo ambao kila mtu anaujua, usiuimbe, ugonge kwa kidole mezani, mwenzio abashiri. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, anaitwa Elizabeth Newton aliufanya kama utafiti wake, wagongaji walidhani wasikilizaji watapata nusu. Nyimbo 120 ziligongwa, wakapata 3. Tatu! Kwa sababu wewe ukigonga wimbo mzima unapigwa kichwani mwako na vyombo vyote, mwenzio anasikia ngo ngo ngo tu. Mi tangu niujue huo mchezo kila nikimaliza kueleza kitu najiuliza hapa nimeimba au nimegonga meza.

Kiti cha Nyuma

Nimegonga wimbo wa taifa mezani mdogo wangu kaniambia acha kelele.

Mama Wawili

Msimamizi Mpya mdogo wangu, mi sina utafiti, nina miaka 21 ya ndoa.

Nikusimulie la dirisha. Chumbani kwetu dirisha la upande wa kitanda lilikuwa linalala wazi miaka tisa. Mi nina baridi ya kuzaliwa nayo, ila nilijua mume wangu anapenda hewa, kwa hiyo najifunika mpaka kichwani nanyamaza, ndo ndoa bwana. Siku hiyo anaumwa mafua, ananiambia kwa upole, "mama, leo tunaweza kulifunga?" Nikamwambia si wewe unayelipenda wazi? Akaniangalia. Akasema mimi? Si wewe ulilifungua siku ya kwanza tunahamia? Nililifungua siku hiyo kwa sababu ya harufu ya rangi! Miaka tisa wote wawili tunatetemeka kila mtu akimvumilia mwenzake. Tulicheka mpaka akakohoa, baadaye nikiwa peke yangu jikoni nililia kidogo, maana nilijiuliza kama la dirisha hatulijui, mangapi mengine.

Hapo ndo nilijua kwamba mtu unayeishi naye ndo unaacha kumuuliza mapema kuliko wote. Unadhani umeshamsoma umemaliza. Na yeye anabadilika kila mwaka, we bado una toleo la zamani.

Sasa mambo ya mkeo. Kwanza alikuambia waziwazi anachotaka, wanawake wengi hawasemi wanakununia tu, kwa hiyo una bahati. Pili usimkalishe sebuleni mkatazamana kama mahakamani ukamwambia "haya tuzungumze", atakwambia hamna kitu. Sisi mazungumzo yetu mazuri yote yametokea mmoja anaosha vyombo mwingine anafuta, au njiani tunatembea, macho yanaangalia mbele. Mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka wenyewe. Tatu, jifunze kumuuliza, "hili unataka nikusikilize au tutafute la kufanya?" Mwanzoni ataona kama umetumwa, vumilia.

Na hiyo "siku imekwendaje" itupe pamoja na ile "kuna swali" ya ofisini, ni ndugu hao baba mmoja mama mmoja. Muulize kitu chenye mpini wa kushika. Jana alikwambia ana mtu anamsumbua kazini, leo uliza "yule mtu leo kaja na lipi?" Hapo anajua jana ulikuwepo.

Kikwazo

Dada naomba kuuliza kwa nia njema, na kama mwenzio ndo hataki kuongea? Maana tunaelekeza wanaume wote humu kana kwamba upande wa pili mlango uko wazi.

Mama Wawili

Kaka kuna kipindi mlango umefungwa kweli na kuna sababu, labda mara ya mwisho alipofungua ulimkumbushia maneno yake kwenye ugomvi. Hilo linafunga mlango kuliko kufuli. Mtu akikuambia siri ya moyo wake kisha wiki ijayo umtupie usoni umekasirika, subiri miaka. Soma alichoandika yule dogo, sentensi moja tu ya msimamizi na amenyamaza mwaka wa pili. Lakini pia kuna watu hawataki tu, na huwezi kumlazimisha mtu mazungumzo, hapo hata mimi sina dawa.

Fundi wa Zamu

John Gottman, yule mwanasaikolojia wa Marekani anayechunguza wanandoa, amelipima hilo la maneno ya kwenye ugomvi. Aliwarekodi wakibishana, ndoa zilizo imara kwa kila neno moja baya au kununa kuna kama matano ya upande mzuri, hata kutania tu au kutikisa kichwa, na hapo ni katikati ya ugomvi. Niliisoma nikaanza kujihesabia kimyakimya, siku ya kwanza nilipata zuri moja kwa kila baya moja, siku ya pili nikaacha kuhesabu hahaha.

Msimamizi Mpya

Wakuu nimerudi, siku tisa zimepita. Nimesoma kila mtu, wengine mara mbili. Natoa mrejesho na sio mzuri wote.

Kikao cha Jumatatu. Sikusema "kuna swali", nilimgeukia mmoja nikamuuliza kesho utaanzia wapi. Akataja hatua ambayo tuliifuta miezi miwili iliyopita, na niliifuta mimi, nikaitangaza mwenyewe mbele yao. Nusura niseme hilo nimeshalieleza, nikaikumbuka sura ya yule dogo ambaye hata simjui, nikameza. Nikauliza wengine wangapi wanaanzia hapo. Mikono mitano. Kati ya wanane! Nikauliza kwa nini hamkuniambia hamjaelewa, nikanyamaza nikahesabu vidole vya miguu kama mwalimu alivyosema, nilifika saba, wakuu saba ni nyingi sana. Binti mmoja mpole ambaye sikuwahi kusikia sauti yake kwenye kikao akasema, "ulivyotangaza ulisema hatua ya tatu, na karatasi zetu hatua hiyo ni ya nne". Zangu na zao zilikuwa matoleo tofauti. Miezi miwili. Yaani mi nimegonga meza, wimbo nausikia mwenyewe.

Darasani bado. Nilijaribu kueleza wenzangu nilivyoelewa nikafika katikati nikakwama, kumbe sikuelewa, nilikuwa nimekariri. Imeniudhi kwa kweli. Mmoja wao akanisogeza kidogo tukafika. Bado sipendi makundi ila sasa nasoma kabla ya kuja, kwa sababu ya aibu zaidi kuliko kitu kingine, Kikwazo nadhani utafurahi.

Nyumbani. Mchezo wa kidole tuliucheza, hakupata hata mmoja kati ya minne, na mimi nilimkosa mitatu, na huo mmoja nilioupata alikuwa anauimba kwa midomo bila kujijua. Tukacheka vizuri. Baadaye nikachukua kitambaa nikafuta vyombo, akaniangalia kama nimepotea njia. Nikamuuliza, "wiki hii nini kimekuchosha kuliko vyote?" nikanyamaza. Akaosha sahani mbili. Akasema, "wewe".

Nikataka kujitetea mkuu, jibu liko mlangoni limeshaiva kama Bora_Kimya alivyosema. Nikasema tu, "mimi, kwenye lipi?" Akafunga bomba. Tuliondoka jikoni saa sita kasoro.

Mama Wawili

Na akasema lipi?

Msimamizi Mpya

Dada yangu hilo libaki la kwetu. Ila vyombo vilivyobaki tuliviosha asubuhi.